Maneno Aliyoyataka Bethia

Ninian Tosh, msaga nafaka wa Kilmarra, bado yuko magotini. Hapo ndipo tulipomwacha: nje ya mlango wa kanisa, Jumapili mchana, ibada ndiyo kwanza imekwisha, naye ameng'ang'ania pindo la sketi ya Grizel Mudie mbele ya kijiji kizima.

"Nirudishie afya ya mke wangu," amesema, "kwa ajili ya Mungu."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ambaye gazeti lilimpita wiki iliyopita ajue hivi: Waskoti wa kule, enzi za kuchoma wachawi, mgonjwa wao akidhaniwa amerogwa, mtu wake humwendea anayeshukiwa na kumwomba afya ile mara tatu kwa ajili ya Mungu. Na ukishaombwa, umekwisha. Ukisema umeirudisha na mgonjwa akapona, basi ni wewe uliyeichukua. Ukikataa na mgonjwa akafa, basi ni wewe uliyeua. Njia zote mbili zinaishia kwenye kamba na kuni.

Grizel alilijua hilo kuliko yeyote pale uani. Alikuwa mkunga wao na mganga wao wa majani na mizizi, na nusu ya waliomkodolea macho aliwapokea yeye mwenyewe, wakiwa wekundu na wanalia.

"Inuka, Ninian," alisema taratibu. "Mawe haya yana baridi. Magoti yakianza kuuma, utamwendea nani?"

Mtu mmoja akacheka. Mkewe akampiga kiwiko, akanyamaza.

"Nirudishie afya ya mke wangu, kwa ajili ya Mungu."

Mara ya pili.

Sasa Grizel aliacha kumtazama Ninian, akaanza kutazama watu. Maana Ninian Tosh hakuwa mtu wa maneno. Tangu arithi kinu cha baba yake, sentensi yake ndefu kuliko zote ilikuwa "gunia lako tayari, njoo na punda." Leo maneno yanamtoka yamenyooka kama ya mtoto aliyekaririshwa katekisimu. Nani kamkaririsha?

Hakuchukua muda kumwona wa kwanza. Nans, dada yake Ninian, alikuwa amesimama nyuma ya kaka yake, na kila kaka alipotamka neno, midomo ya Nans nayo ilikuwa ikicheza.

Wa pili alikuwa kwenye ngazi za kanisa. Mzee Patrick Imrie, mzee wa kanisa, mwenye koti jeusi na uso wa kufungia mlango. Watu wote pale walikuwa wameshangaa. Yeye peke yake hakushangaa. Alikuwa amekunja mikono kama mtu anayesubiri mkate uive.

"Nans," Grizel akaita, "kaka yako anasema, au unasema wewe kwa mdomo wake?"

"Usinitafute mimi, mganga. Jibu ulichoulizwa."

"Kwani mimi nimemfanya nini Bethia, mke wa kaka yako?"

"Ulikuja kinuni kuomba hamira, wifi yangu akakunyima. Ukaondoka unanong'ona. Nilikusikia."

"Nilikuwa nasema na kiatu changu. Kina tundu."

"Watu husema na viatu?"

"Mimi husema nacho. Hakijawahi kuninyima hamira."

Safari hii walicheka wengi, na Grizel akaona kosa lake palepale. Kicheko kile kilimwingia Nans kama mwiba, na mwanamke aliyechekwa mbele ya kanisa hasahau mpaka azikwe. Nans alimbonyeza kaka yake begani.

"Nirudishie afya ya mke wangu," akasema Ninian, na sauti ikamkatika katikati, "kwa ajili ya Mungu."

Mara ya tatu. Hata mama muuza samaki, ambaye hukohoa mahubiri yote mwanzo hadi mwisho, alizuia kikohozi chake.

Hebu mtazame huyu Ninian kama Grizel alivyomtazama. Ndevu zimejaa unga. Macho yamevimba. Kufundishwa amefundishwa, hilo halina ubishi, lakini machozi yale hakuna aliyemfundisha.

"Anaumwa nini?" Grizel akamuuliza.

"Unakijua ulichomtumia," Nans akadakia.

"Namuuliza mume."

"Titi," akasema Ninian. "La kushoto. Limekuwa jiwe, na linawaka. Mtoto hanyonyi. Toka jana anaongea na mama yake, na mama yake tulishamzika."

Grizel alikuwa ameshaona matiti ya namna hiyo. Usaha umejifungia ndani na hauna pa kutokea. Likikandwa na kupasuliwa leo, Bethia atanyonyesha mtoto huyu na wengine. Likiachwa, kesho Ninian atakuwa anachimba kaburi.

"Mbona hamkuniita mapema?"

"Nilikuja kukuita," akasema Ninian. "Nans akanirudisha njiani."

"Basi twende."

"Hujajibu," akasema Nans. "Ameomba mara tatu. Lazima ujibu."

"Nimesema twende. Nikiwa nimesimama hapa natoa majibu, wifi yako anakufa kule."

Akapita katikati yao. Watu wakampisha upesi, kina mama wakawavuta watoto nyuma ya sketi zao, maana iliaminika kwamba ugonjwa ukitolewa kwa mtu hauendi hewani, unamwangukia wa kwanza utakayemkuta. Watoto wale wale aliowapokea. Grizel akaendelea kutembea.

Alipitia kwake kuchukua kikapu: majani ya kabichi, pumba, kitambaa safi, na kisu chake chembamba. Alipotoka akatupa jicho kanisani. Watu bado walikuwa wamejaa uani, wanasengenya kwa raha zao. Lakini ngazi zilikuwa tupu. Mzee Patrick hayupo. Na Mchungaji Duthie, ambaye kila Jumapili husimama mlangoni kuaga hadi kikongwe wa mwisho, naye hayupo.

*

Nans alikuwa amewahi kufika. Alisimama mlangoni pa nyumba ya kinu, anatabasamu.

Tabasamu hilo lilimtia Grizel wasiwasi kuliko matusi yote ya uani.

"Ingia," akasema Nans. "Ingia peke yako. Mgonjwa hataki kelele. Sisi tutakaa huku nje."

"Wewe ukae nje?"

"Kwani kuna ubaya?"

Ubaya hakuna. Ila Nans Tosh ni mwanamke ambaye hajawahi kuona chungu kilichofunikwa asikifunue, wala mlango uliofungwa asiutegee sikio. Leo anajitolea kukaa nje, tena anamvuta na kaka yake mkono. Grizel akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kabati kama nyumba zote za kule, vimejengewa ukutani na kila kimoja kina milango yake ya mbao. Kimoja kilikuwa wazi, Bethia amelala humo. Cha pili kilikuwa kimefungwa.

Kimefungwa, mchana, mwezi wa Agosti, katika nyumba ambayo wazima wote wako nje.

Mbwa wa nyumba alikuwa amekaa mbele ya milango ile iliyofungwa. Alinusa ufa, akapiga mkia sakafuni, akanusa tena. Mbwa hampigii mkia mwizi. Humpigia mkia mtu anayemjua, mtu anayekuja mara kwa mara kula mkate wa shayiri wa watu na kuwauliza kama wamesali.

Halafu mle ndani mtu akapiga chafya. Chafya iliyobanwa kwa kiganja, nyembamba kama ya paka. Unga wa kinu hauna adabu, unaingia pua ya mchungaji kama unavyoingia ya punda.

Grizel akasimama katikati ya chumba, kikapu mkononi. Ikamwingia sawasawa. Lile ombi la kanisani lilikuwa chambo tu. Ndoano yenyewe iko hapa. Wanataka kumsikia kwa masikio yao, yeye na mgonjwa peke yao, akisema kwamba anarudisha. Mashahidi wawili waheshimiwa. Baada ya hapo hakimu atakuwa na kazi ya kusaini tu.

Angeweza kugeuka. Mlango ulikuwa hatua chache nyuma yake.

"Mama mkunga," ikaita sauti kutoka kitandani. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu."

Akamwendea. Akamgusa paji la uso, akaondoa mkono upesi, lilikuwa moto kama bamba la kuokea. Akafunua shuka. Titi lilikuwa jekundu, limevimba, linang'aa, na upande wa chini palikuwa na doa la njano palipolainika. Pameiva. Afadhali. Kazi ya muda mfupi tu.

"Sikiliza, Bethia. Nitakukanda kwa pumba za moto, kisha nitapasua hapa kidogo. Patauma, halafu patapoa. Umenielewa?"

Bethia akajikumbatia kifua kwa mikono yote miwili.

"Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Sema unanirudishia."

Grizel akageuza macho kwenye milango ile. Mbwa naye alikuwa akiitazama.

"Bethia, mimi sina afya yako. Afya anayo Mungu. Mimi nina kisu na kitambaa."

"Hayo siyo maneno yenyewe."

"Toa mikono, mwanangu."

"Bibi yangu naye aliwahi kuchukuliwa afya yake," akasema Bethia. Meno yalikuwa yakigongana, lakini akili ilikuwa imemrudia kwa dakika hiyo, na iliganda kwenye jambo hilo moja. "Akarudishiwa kwa maneno. Wengine wawili walikandwa na kukatwa bila maneno, wakafa wote. Ukinikata hujasema, utakuwa unanifungulia roho itoke."

"Nani kakuambia hivyo? Nans?"

"Bibi aliniambia. Nikiwa mdogo. Nans hajui lolote, Nans anajua kupika maneno tu."

Loo. Kumbe huyu hakutumwa na mtu. Wale wawili kabatini walikuwa wanawinda, Nans alikuwa analipa kisasi chake, lakini Bethia alikuwa anaamini. Na aliyeamini namna ile humwondoi kwa kumvuta mkono. Grizel alijaribu. Bethia akapiga kelele, akajikunja kama konokono, na mtoto kwenye susu akaanza kulia, kilio chembamba cha njaa kisicho na nguvu.

Grizel akapiga magoti kando ya kitanda. Akaweka mdomo sikioni mwa Bethia, akanong'ona: "Nakurudishia. Haya, toa mikono."

"Umenong'ona."

"Nina mafua."

"Mchawi hunong'ona anapochukua. Anaporudisha husema kwa sauti. Sema kwa sauti, Mama Grizel. Na useme yote."

Akajaribu tena kwa njia nyingine. "Bethia, humu ndani hatuko wawili tu. Nikiyasema hayo maneno kwa sauti, mimi wataninyonga. Unanielewa? Wataninyonga, halafu wanichome."

Machozi yakamchuruzika Bethia pembeni hadi masikioni.

"Na usiposema, mimi nakufa," akasema. "Na huyu mtoto."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeonyesha mvua dirishani.

Ninyi wasomaji mngefanya nini? Msijibu upesi. Mimi nilipowasimulia watu barazani, nusu walisema wangekimbia, nusu wakasema wangekaa, na wote walisema wakiwa na kikombe cha chai mkononi.

Grizel hakukimbia. Lakini msidhani alikuwa malaika. Kwanza alikaa sakafuni akamlaani Nans, akalilaani titi, akailaani na hamira iliyoanzisha yote. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mkono unaotetemeka haupasui jipu. Akaikalia mikono yake mpaka ikatulia. Ndipo akasimama, akaweka pumba motoni, akapitisha kisu kwenye mwali, akapiga moyo konde.

Alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje kwa punda.

"Kilichokwenda na upepo kirudi na pumzi. Kilichokwenda na maji kirudi na maziwa. Nakurudishia afya yako, Bethia, kwa ajili ya Mungu."

Mikono ya Bethia ikateremka yenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyesinzia.

Akakanda. Akakata. Usaha ukatoka, mwingi, unanuka, kitambaa cha kwanza kikajaa, na cha pili. Bethia alipiga ukelele mmoja tu. Kisha akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu katikati ya wiki, na ile rangi ya majivu ikaanza kuondoka mdomoni. Grizel akamfunga kwa majani ya kabichi, akampa mtoto lile titi zima la kulia. Mtoto akahangaika, akapata, akatulia.

"Unaona," akasema Bethia, macho yakimfumba. "Nilikwambia ni maneno."

Akalala. Usingizi wa kweli, na jasho.

*

Milango ya kitanda cha pili ikafunguliwa.

Mchungaji Duthie alitoka kwanza, ameinama na anachechemea, maana kitanda kile kilikuwa cha watoto. Alikuwa na unga begani na utando wa buibui kwenye ukosi. Katika siku nyingine Grizel angecheka mpaka mbavu zimuume. Nyuma yake akatoka Mzee Patrick Imrie.

"Tumesikia," akasema mchungaji.

"Najua mmesikia. Ulipiga chafya."

Mchungaji aliona haya kidogo, kisha akaificha.

"Ulijua tumo humu, na bado ukasema?"

"Mwulize mgonjwa kwa nini. Akiamka. Ataamka, Mchungaji. Sogea hapa umguse, moto unashuka."

Mchungaji hakusogea. Alibaki palepale, lakini jicho lake lilikwenda kwa mtoto anayenyonya, likakaa hapo, likarudi.

"Kupona kwake kunakukandamiza zaidi," akasema. "Nadhani unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi nikuulize moja, na jibu lako linaweza kukupunguzia. Hayo maneno hukuyatunga leo. Ya upepo na pumzi, maji na maziwa. Ni ya zamani, na mwanamke hazaliwi nayo. Aliyefundishwa akimtaja aliyemfundisha, mahakama humtazama kwa huruma. Nimeona mtu akipigwa mijeledi tu na kufukuzwa parokiani, akaishi." Akasogea hatua moja. "Nani alikufundisha, Grizel Mudie?"

Akaishi. Neno hilo likamzunguka Grizel kichwani. Kufukuzwa, kwenda mji wa Dundee, kuuza majani sokoni, kuzeeka. Jina moja tu.

Na jina alikuwa nalo. Alifundishwa akiwa msichana, kijitoni, wakifua mashati ya wagonjwa, na mwanamke aliyekuwa na mikono mikubwa na kicheko cha kiume. Mwanamke huyo hakufa. Yuko hai, haoni, ana meno mawili, na leo asubuhi alikuwa kanisani benchi la mbele, maana kila Jumapili mwanawe humbeba mgongoni kumleta, na watu wote husifu.

Bi Marjory. Bi Marjory Imrie.

Grizel akainua macho, akamtazama Mzee Patrick.

Ndipo akaona kitu ambacho hakukitegemea. Yule mzee wa koti jeusi, aliyekunja mikono kwenye ngazi kama anasubiri mkate, alikuwa mweupe kuliko unga uliomwagika begani mwa mchungaji. Hakuwa anamtazama Grizel. Alikuwa anatazama sakafu. Mtoto aliyelelewa na Marjory Imrie, akaugua surua, akaugua kifaduro, angekuwa ameyasikia wapi maneno yale mara ya kwanza, kama si juu ya kitanda chake mwenyewe?

Grizel akafumbua mdomo.

"Swali hilo tuliache," Mzee Patrick akasema haraka, kabla neno halijatoka. "Tumeshasikia ya kutosha, Mchungaji. Hakuna haja. Twende tukawaite watu."

Mchungaji Duthie alikuwa ameshaukamata mlango. Akauachia. Katika mashauri yote waliyoyasikiliza pamoja, Patrick Imrie hakuwahi kuacha swali. Ni yeye aliyekuwa akiongeza.

Akageuka polepole. Akamtazama Grizel, kisha akamtazama mzee wake wa kanisa, kutoka viatu hadi uso, kama vile anakutana naye leo.

"Tuliache?" akasema. "Kwani unamwogopa nani, Patrick?"